Mabango ya Mama Zetu Yasiishie kwa Mchwa

Ndugu zangu wa Meru na Embu, mlioko nyumbani na mlioko Nairobi, Mombasa na ng'ambo, nina ombi kwenu. Halihitaji mchango wa M-Pesa wala kuundwa kwa kamati. Linahitaji mtu mmoja katika kila boma afungue sanduku la bati.

Ndani ya masanduku hayo, juu ya dari na nyuma ya makabati ya sebuleni, kumelala vitu vya kampeni vya wanawake wa kwanza waliothubutu kuomba kura huku kwetu. Bango lililokunjwa mara nne. Leso yenye sura ya mgombea. Fulana, beji, kalenda ya ukutani ambayo mwaka wake ulikwisha zamani, kaseti ya nyimbo zilizopigwa kwenye gari la kampeni, picha ya mkutano wa sokoni, daftari la waliochangia petroli. Mwenye navyo mara nyingi hajui kwamba ana kitu cha thamani. Naomba tuvitafute, tuandike habari zake, tuviweke mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuviona, na tufanye hivyo wakati waliovihifadhi wangali hai.

Nianze na mwaka 1974. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo Kenya ilipiga kura, na wapiga kura wa Meru ya Kati wakampeleka bungeni Annarita Karimi Njeru. Ilikuwa miaka mitano tu tangu Grace Onyango wa Kisumu awe mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Uchaguzi huo wa 1974 ndio uliowaleta pia Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, Julia Ojiambo wa Busia na Nyiva Mwendwa wa Kitui. Tafakari hali ilivyokuwa. Chama kilichobaki kilikuwa KANU peke yake, kwa kuwa chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku mwaka 1969. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha mkuu wa wilaya. Jogoo, alama ya KANU, hakuweza kumtofautisha mgombea na mwenzake, maana wote walikuwa wa jogoo huyo huyo, hivyo kila mmoja alipewa alama yake ili hata asiyejua kusoma amtambue kwenye karatasi. Katika mazingira hayo, mwanamke alisimama mbele ya umati wa Wameru, watu wenye Njuri Ncheke, baraza la wazee wanaume ambalo wanasiasa hulitafutia baraka hadi leo, akaomba wampe kazi ya kuwasemea. Wakampa.

Sasa mwulize wakili yeyote wa Kenya kuhusu Annarita Karimi. Atakujibu papo hapo. Atakwambia kwamba ni kesi ya mwaka 1979, ambapo Mahakama Kuu ilisema kuwa anayelalamika kwamba haki yake ya kikatiba imevunjwa lazima aeleze kwa usahihi wa kutosha ni haki ipi, iko katika kifungu kipi, na imevunjwa kwa namna gani. Kanuni hiyo ilivuka katiba ya zamani ikaingia katika hii ya 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliijadili tena katika kesi ya Mumo Matemu, na mpaka sasa mawakili huitaja wanapogombana kuhusu ombi lililoandikwa ovyo. Wanafunzi wa sheria hulikariri jina hilo kabla ya mtihani.

Lakini mwulize wakili huyo huyo huyu mama alikuwa nani. Bango lake la 1974 lilikuwa na picha gani? Alama yake ilikuwa ipi? Nani alimwimbia? Wengi hunyamaza, na wapo wanaoshangaa kusikia kwamba alikuwa mbunge. Mwanamke aliyeshinda uchaguzi amebaki katika kumbukumbu ya taifa kwa sababu ya kesi aliyoshindwa. Korti ilihifadhi karatasi zake kwa kuwa korti ina masjala, ina makarani, na ina desturi ya kutunza karatasi. Sisi tuliompigia kura hatukuwa na masjala. Tulikuwa na sanduku la bati.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni yetu. Serikali huhifadhi matokeo, magazeti huhifadhi mabishano, mahakama huhifadhi kesi. Kampeni yenyewe, ile ya vumbi, ya kutembea kutoka soko hadi soko na kanisa hadi kanisa, huhifadhiwa na waliokuwepo. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 21 mwaka 1974 leo amepita 70. Nyanya huyo akiondoka, picha itabaki lakini hakuna atakayejua waliopigwa picha ni akina nani.

Mtu anaweza kuuliza bango litamfundisha nini mjukuu wake ambacho hakimo kitabuni. Litamfundisha mengi. Tazama kwanza jina. Mwanamke anayegombea huku kwetu amekuwa akiulizwa swali ambalo mwanamume haulizwi: wewe ni wa wapi, ulikozaliwa au ulikoolewa? Kwenye bango lazima achague. Je, aliandika jina la baba au la mume? Alijiita mama, mwalimu, au daktari? Alifunga kitambaa kichwani au aliacha nywele wazi? Ahadi zake aliziandika kwa Kimeru, Kiembu, Kiswahili au Kiingereza, na nani alikusudiwa kuzisoma? Kila neno pale lilijadiliwa usiku na watu wachache waliojua kwamba wino ni ghali na nafasi ni ndogo. Ukikusanya mabango ya miaka 30 ukayapanga ukutani kwa mfuatano, utaona jinsi wanawake walivyobadilisha namna ya kujitambulisha mbele ya umma, na utaona pia jinsi umma ulivyobadilika. Hakuna hotuba itakayokuonyesha hilo waziwazi kiasi hicho.

Au chukua fulana moja, ile ya pamba nyepesi iliyogawiwa bure wiki ya mwisho. Igeuze mkononi. Kwapani imechakaa, maana ilivaliwa shambani miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa. Wino wa sura umepasukapasuka, jicho moja limefifia, ila jina la wadi bado linasomeka. Shingoni pameshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine. Begani pana doa jeusi la utomvu wa mgomba ambalo hakuna sabuni iliyoliweza. Mtu alibebea ndizi kwa bega hilo akienda sokoni, sura ya mgombea ikiwa kifuani. Watu wa makumbusho wakipokea fulana kama hiyo hawataki ifuliwe iwe mpya. Doa lile ndilo linaloonyesha nani aliivaa, na kwa muda gani.

Nina msisitizo kuhusu walioshindwa. Washindi wana picha za kuapishwa, wana kumbukumbu rasmi za bunge. Aliyeshindwa hana. Mwaka 1969 Jael Mbogo alimkaribia sana Mwai Kibaki katika eneo bunge la Bahati jijini Nairobi. Akashindwa, lakini uchaguzi uliofuata Kibaki alihamia kwao Othaya. Mgombea aliyeshindwa alibadilisha ramani ya siasa ya rais mtarajiwa. Huku kwetu wapo wanawake waliogombea udiwani katika mabaraza ya zamani ya wilaya wakapata kura chache, na wengine walioangushwa kwenye uteuzi wa chama. Wapo hasa wa mwaka 1988, mwaka wa mlolongo. Kura ya mchujo wa KANU haikupigwa kwa siri. Ulijipanga nyuma ya mtu wako au picha yake, jirani akikuona, chifu akikuona, na aliyepita asilimia 70 hakuhitaji kupigiwa kura tena. Picha ya mgombea ndiyo iliyokuwa sanduku la kura. Ukiwa na picha ya mwanamke iliyonyanyuliwa juu ya mstari wa watu mwaka ule, una ushahidi wa ujasiri wa kila aliyesimama nyuma yake. Tafadhali usiiache ioze.

Mwishoni mwa 1991 vyama vilifunguka. Mwaka 1992, ng'ambo ya mpaka wa Embu katika Gichugu, Martha Karua alichaguliwa mbunge. Mwaka 1997 Charity Ngilu na Wangari Maathai waligombea urais, na mabango yao yalibandikwa hadi huku. Cecily Mbarire aliteuliwa bungeni mwaka 2002, akachaguliwa Runyenjes mwaka 2007 na 2013, kisha akawa gavana wa Embu mwaka 2022. Hiyo ni miaka 20 ya vitu vya kampeni, kutoka enzi za muungano wa NARC hadi wilbaro, alama ya chama cha UDA, na sehemu kubwa yake imo majumbani Runyenjes, Manyatta na Mbeere. Mwaka 2013, ilipoanza nafasi ya Mwakilishi wa Wanawake katika kila kaunti, Meru ilimchagua Florence Kajuju na Embu ikamchagua Rose Mitaru. Nafasi ilikuwa mpya kabisa. Wapiga kura walipaswa kwanza kuelezwa kazi yenyewe ni nini, na vipeperushi vilivyofanya kazi hiyo ya kueleza ni vya kutunzwa kuliko vyote vya mwaka ule.

Kisha ikaja Agosti 2022. Kaunti saba zilichagua magavana wanawake: Nakuru, Kirinyaga, Machakos, Kwale, Homa Bay, Embu na Meru. Mbili kati ya saba ni zetu. Meru ilimchagua Kawira Mwangaza, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake tangu 2017, na mara zote mbili alisimama kama mgombea huru. Mgombea huru hana ofisi ya chama ya kumtunzia karatasi. Vyote alivyochapisha viko kwake na kwa wafuasi wake. Agosti 2024 Seneti iliidhinisha kuondolewa kwake madarakani, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakubaliana na uamuzi huo. Najua jina hilo linagawa watu hadi ndani ya nyumba moja. Wapo waliochana mabango yake kwa hasira na wapo walioyabandika upya.

Ndiyo sababu ninasihi jambo hili lieleweke mapema: kukusanya si kuunga mkono. Hifadhi ya aina hii ikianza kuchagua nani alikuwa mzuri na nani alikuwa mbaya, imekufa kabla ya kuzaliwa. Chukua bango la uliyempigia kura, na lile la uliyemkataa. Chukua karatasi ya kumtukana iliyosambazwa usiku, kwa sababu miaka 50 ijayo mtafiti atataka kujua mwanamke mgombea alitukanwa kwa maneno gani. Chukua kalenda ya rafiki yako na ya hasimu wako, uziweke katika boksi moja.

Nijuavyo mimi, adui wa vitu hivi si mwanasiasa. Ni usafi wa Desemba. Watoto wanakuja nyumbani kwa Krismasi, nyumba inapakwa rangi, mabati yanabadilishwa, na sanduku la nyanya linamwagwa uani moto ukiwa tayari. Pili ni wadudu. Mabango mengi yalibandikwa kwa uji mzito wa unga wa ngano, na unga huo uliobaki nyuma ya karatasi ni chakula cha mende. Pande za Mbeere, Siakago na Kiritiri, mchwa hupanda kutoka sakafu ya udongo na kula kila kilichoegemezwa ukutani. Pande za juu, Imenti na Manyatta karibu na msitu, shida ni unyevu: karatasi inaota ukungu na picha zinagandamana. Na popote penye jiko la kuni, moshi hupaka kila kitu rangi ya chai.

Basi ukifungua sanduku, fanya hivi. Usifue nguo. Usiweke bango ndani ya plastiki ya kulaminisha, kwa sababu ikishagandishwa kwa moto haitoki tena. Usitumie selotepu hata kidogo. Piga picha kwa simu kila kitu kama ulivyokikuta, mbele na nyuma, kabla ya kukigusa sana. Karatasi ilaze bapa kati ya karatasi nyeupe safi. Ikiwa ilikunjwa, iache ijinyooshe yenyewe taratibu, wala usiipige pasi. Fulana na leso zizungushe juu ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, badala ya kuzikunja, maana mikunjo ndiyo hupasua wino. Zote ziinue kutoka sakafuni, mbali na jiko, mbali na jua la dirishani. Kaseti zisimamishe wima mbali na spika, na umtafute kijana mwenye kifaa aziingize kwenye kompyuta, kwa sababu utepe unaendelea kuharibika hata usipochezwa.

Kisha keti na mwenyewe. Hapa ndipo pana utamu wote, na hapa ndipo watu wengi huharakisha. Mwekee mama chai, mpe bango alishike mkononi, umwache azungumze. Usianze na maswali ya tarehe. Mwulize nani alimletea bango hilo, na kwa nini hakulitupa. Mwulize mumewe alisemaje siku ile alipolibandika mlangoni. Mwombe akuimbie ule wimbo. Rekodi kwa ruhusa yake, kwa lugha yake, iwe Kimeru, Kiembu au Kimbeere, wala usimlazimishe kuhamia Kiswahili ili wewe upate wepesi. Maneno ya kampeni ya mwaka 1974 yaliyosemwa kwa Kimeru cha wakati huo ni mali sawa na bango lenyewe. Andika kwa penseli nyuma ya picha majina ya waliomo, kuanzia kushoto. Ukikuta kadi za chama zenye nambari za vitambulisho, au orodha za wafuasi, ziweke kando, usizitume kwenye kikundi cha WhatsApp. Sheria ya 2019 ya kulinda data inawalinda hata wazee wetu.

Wala si lazima kukitoa kitu. Mama akisema bango ni lake na litazikwa naye, ni haki yake. Omba nakala. Picha nzuri ya simu, iliyopigwa mchana kwenye kivuli, pamoja na maelezo yake, inatosha kabisa kuanzia. Na wanaopita wakinunua vitu vya zamani kwa bei ya soda, waambie hakiuzwi.

Vya Meru vina mahali pa kwenda. Pale mjini lipo jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Mwaka 1974, mwaka ule ule Karimi alipochaguliwa, lilifunguliwa kuwa Makumbusho ya Meru, chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukienda leo utaona maisha ya Wameru wa zamani: nyumba, dawa za mitishamba, zana. Ningependa kuona pia ukuta mmoja wa wanawake walioomba kura. Nawasihi wasimamizi waupokee wito huu, na sisi tusiwape udhuru kwa kufika mikono mitupu. Kwa upande wa Embu, Chuo Kikuu cha Embu kina maktaba na kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Hii hapa mada, tena inawangoja nyumbani kwa nyanya zao. Serikali zote mbili za kaunti zina idara za utamaduni. Na kwa vitu vyenye uzito wa taifa zima ipo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, ambamo umewekwa mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Murumbi alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, lakini watu wanaoingia pale leo wanamkumbuka zaidi kwa vitabu, stempu na sanaa alizozikusanya kwa mapenzi yake mwenyewe.

Wenzetu walifanya hivi zamani. London kuna maktaba nzima ya wanawake, sasa iko katika chuo cha LSE, yenye mabango na beji za wanawake wa Uingereza waliopigania kura zaidi ya miaka 100 iliyopita. Vingi vilitoka majumbani. Marekani, makumbusho ya Smithsonian yanatunza vitu vya kampeni ya Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza katika Baraza la Wawakilishi, aliyetafuta urais mwaka 1972 na hakuupata. Kati ya kampeni hiyo na ya Karimi kuna miaka miwili tu.

Nanyi mama zetu mliogombea, mkashinda au mkashindwa, mnaosoma haya: msione haya kusema mna vitu. Wengi wenu mlifungia karatasi zenu kabatini kwa uchungu, pengine kwa sababu ya madeni ya kampeni, pengine kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu yenu. Hatuji kuwauliza kura mlipata ngapi. Tunaomba kuona mlichokiandika mlipokuwa mnaamini kwamba inawezekana.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Miezi kadhaa kabla ya hapo miti ya mikima kando ya barabara kutoka Ishiara hadi Maua itapigiliwa misumari na sura mpya, na kuta za masoko zitabandikwa bango juu ya bango. Tusingoje miaka 50. Mtu mmoja katika kila wadi ajitwike kazi ya kuweka nakala moja ya kila mwanamke anayegombea, kuanzia udiwani, kwa sababu wagombea wa udiwani ndio husahaulika wa kwanza. Mwombe mgombea mwenyewe, atakupa kwa furaha. Ukilitoa mtini, subiri kura zihesabiwe kwanza, kwa kuwa kuchana bango la mtu wakati wa kampeni ni kosa. Kisha andika nyuma kwa penseli jina lake, wadi, tarehe, na mahali ulipolitoa.